Risasi, Vumbi la Karakana na Presha: Maswali ya Mafundi wa Dodoma

Napasua betri chakavu Kizota. Nimekutwa na presha. Vinahusiana?

Inawezekana kabisa, na usisubiri kuulizwa. Kliniki nyingi huuliza chumvi, uzito, pombe na sigara. Kazi ya mikono yako mara nyingi haitajwi hata kwenye maongezi. Itaje mwenyewe, na uulize namna ya kupimwa risasi (madini yaliyomo kwenye betri, si ya bunduki) kwenye damu.

Risasi huingia kwa moshi na vumbi, au kwa mikono iliyoshika betri kisha ikashika ugali. Mwili huidhania kalsiamu, ukaihifadhi kwenye mifupa. Hukaa humo miaka mingi ikirudi kwenye damu kidogo kidogo, ikikakamaza mishipa na kudhoofisha figo. Presha hupanda bila wewe kuhisi chochote. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Ni risasi peke yake?

Hapana. Mwaka 2023 Chama cha Moyo cha Marekani kiliitaja pamoja na madini mengine mawili yenye sumu, kadimiamu na aseniki, kuwa hatari kwa moyo. Kadimiamu huipata zaidi mvutaji sigara, maana tumbaku huifyonza udongoni. Aseniki hupitia maji ya visima katika baadhi ya nchi. Chumvi ya kisima utaionja. Aseniki haina ladha, na kuchemsha hakuiondoi. Kikomo ni mikrogramu 10 kwa lita, na hilo hujulikana maabara tu, kama ile ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Sisi wachimbaji wa dhahabu Singida tunachoma zebaki.

Ushahidi wake kwa moyo ni mdogo kuliko wa hizo tatu, lakini mvuke wake huumiza ubongo na figo. Msiichomee jikoni hata siku moja, tafadhali.

Maziwa si yanasafisha?

Mafundi rangi na wachomeleaji wengi wanaamini hivyo, na inaniumiza kwa sababu imani hii huwafanya waache kujikinga. Maziwa hayatoi risasi iliyokwisha kuingia mwilini. Kweli, mtu mwenye upungufu wa kalsiamu na madini ya chuma hufyonza risasi zaidi, kwa hiyo maziwa, mlenda na maharage ni chakula chema. Lakini kinga ni kunawa kwa sabuni kabla ya kula, kumwagia vumbi maji kabla ya kufagia, na kuziacha nguo za kazi karakana ili watoto wasiliguse vumbi hilo.

Kuna dripu ya kutoa sumu?

Ipo, kwa waliopatwa na sumu ya risasi, chini ya daktari. Lakini ilipojaribiwa kuwa tiba ya moyo, haikusaidia: utafiti wa Marekani na Kanada uliotangazwa mwaka 2024, kwa wagonjwa wa kisukari waliowahi kupata shambulio la moyo, ulipunguza risasi kwenye damu bila kupunguza mashambulio.

Nikiacha kazi hii, niache na vidonge vya presha?

Usiache. Risasi iliyo mifupani inaendelea kutoka muda mrefu baada ya betri ya mwisho. Endelea na dozi, pima presha, na daktari ndiye atakayeamua kuipunguza.