Mali ya Wamarekani weusi na ukuta wa Detroit

Ndugu zetu waliohamia Marekani huuliza swali moja, mara nyingi kwa lawama: Wamarekani weusi wamezaliwa kwenye nchi tajiri, mbona wengi wamebaki nyuma? Wapo wanaojibu harakaharaka kwamba ni utamaduni wao, eti hawaweki akiba wala hawathamini shule. Kabla ya kulikubali jibu hilo, tuangalie nyumba.

Huko Detroit, karibu na barabara ya Eight Mile, kuna ukuta wa zege wa mita 800 hivi. Ulijengwa mwaka 1941. Mwekezaji mmoja alitaka kujenga nyumba za Wazungu jirani na mtaa wa weusi, lakini mamlaka ya serikali kuu iliyodhamini mikopo ya nyumba ilikataa mradi wake, kwa kuwa weusi walikuwa karibu mno. Akajenga ukuta katikati, udhamini ukapatikana. Ukuta upo hadi leo, na sehemu yake imepambwa kwa michoro.

Hapakuhitajika jirani mwenye chuki. Karani mpole, anayefuata mwongozo wa ofisi, alitosha. Katika miaka ya 1930 shirika jingine la serikali lilichora ramani za miji zaidi ya 200 na kupaka nyekundu mitaa iliyohesabiwa kuwa hatari kwa mkopeshaji. Walikoishi weusi, karibu kote kulipakwa nyekundu. Sheria ya 1944 iliwaahidi askari waliotoka vitani mikopo nafuu. Askari mweusi aliipeleka ahadi hiyo benki, na mara nyingi benki ikamrudisha mikono mitupu.

Aliyepata mkopo alinunua nyumba, ikapanda thamani, akaiweka dhamana kusomesha watoto, kisha akawarithisha. Shule nazo hutegemea kwa sehemu kubwa kodi ya majengo ya eneo husika, kwa hiyo mtaa wa nyumba za bei ya chini huwa na kodi kidogo ya kuendeshea shule. Sheria ya 1968, iliyotiwa saini wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa, ilikataza ubaguzi katika makazi. Haikurudisha miaka iliyopotea. Mwaka 2022, kwa takwimu za benki kuu ya Marekani, familia ya Wazungu iliyo katikati, yaani nusu ya wenzake wana zaidi na nusu wana pungufu, ilikuwa na mali ya dola 285,000 hivi. Ya weusi, dola 45,000 hivi. Hiyo ni mali, si mshahara, na mali hurithiwa.

Je, utamaduni hauna nafasi kabisa? Mwanasosholojia William Julius Wilson, mweusi mwenyewe, hakuukana. Mwaka 1987 alieleza kwamba viwanda vilipohama katikati ya miji, ajira ziliondoka navyo, na mienendo tunayoilaumu ilikua palepale pasipo na kazi. Kwangu mimi hoja hiyo ina uzito kuliko mahubiri ya akiba.

Tena wanaouliza swali lile wengi walichujwa kabla ya kupanda ndege. Hata bahati nasibu ya viza humtaka mshindi awe amemaliza sekondari, au awe na uzoefu wa miaka miwili katika kazi inayohitaji mafunzo. Kumlinganisha mtu huyo na mjukuu wa mpangaji wa Detroit, ambaye hakuchujwa na yeyote, ni kupima vitu viwili kwa mizani mbovu.