Kushusha spidi ya gemu sio ndo uhalisia

Wengi wanaocheza EA Sports FC, lile gemu la mpira wa miguu, wanaamini ukiweka spidi ya gemu iwe ya taratibu basi mechi inakuwa kama ya kweli, hapana jamani. Mpira wa kweli una kasi, Mbappé akifunguka anapita kilomita 35 kwa saa. Kinachoua uhalisia ni wachezaji kukosa uzito, winga yuko mbio zote halafu anageuka nyuma papo hapo bila hata kupunguza mwendo, beki anapigiwa pasi kali kwenye mguu wake dhaifu na mpira unaganda tu. Ukishusha spidi hayo yote yanabaki, sema unayaona taratibu.

Halafu kuna saa. Ukicheza dakika 6 kila kipindi maana yake dakika 90 zimebanwa kwenye 12, kwa hiyo ukipunguza mwendo hata pasi na mashuti vinapungua. Kama unacheza dhidi ya kompyuta bora uingie kwenye slaida, yaani mipangilio ya kuongeza au kupunguza vitu vya gemu, ongeza makosa ya pasi, punguza kasi ya kuchomoka, refusha kila kipindi kifike dakika 10, hapo utaona viungo wanaanza kutafuta nafasi kwelikweli na pasi ya kukurupuka inaliwa.