Bwawa la majitaka likiwa kijani, usikimbie

Anayetembelea mabwawa ya majitaka kwa mara ya kwanza hukosa kuelewa jambo moja: bwawa la mwisho lina rangi kama ya mchicha uliosagwa, halafu anaambiwa maji yametibiwa! Ukijani ule ni mwani, kibarua wetu asiyedai mshahara. Jua likiwaka, mwani hufyonza hewa ya ukaa iliyomo majini, pH (kipimo cha uasidi na ualkali wa maji) hupanda hata kuvuka 9, na bakteria wa kinyesi hufa kwa wingi. Mwanga wa jua nao huwaua. Mayai ya minyoo, ambayo mimi huyaogopa kuliko harufu, huwa yameshazama chini, maana maji hukaa mabwawani siku nyingi.

Kule Moshi, maji yanayotoka mabwawa ya Mabogini humwagilia majaruba ya mpunga. Naitrojeni na fosforasi tunazonunua kwa mfuko zimo humo tayari. Sasa kwa nini mtaa mpya wenye miti na bustani umwagilie ukoka kwa maji ya bomba yenye klorini, huku jirani anasubiri mgao na ndoo zake?

Ila nyasi zina masharti yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1989 uliruhusu kolifomu za kinyesi (bakteria wanaoonyesha kuwa maji yana kinyesi) 1,000 kwa mililita 100 kwenye mboga za kuliwa mbichi, lakini 200 tu kwenye nyasi ambazo watu hukanyaga na kukalia. Mwongozo wa 2006 unapima hatari hatua kwa hatua, ila hoja ile bado ina maana kwangu: mboga utaiosha, mtoto anayegaragara bustanini atatia mkono mdomoni palepale. Basi nyasi zimwagiliwe usiku, asubuhi ziwe zimekauka. Miti ipewe kwa matone shinani, na maji yachujwe kwanza, la sivyo mwani utaziba vitundu.

Bomba la pili, la kuleta maji haya ya mabwawa mtaani, lilazwe kabla barabara hazijamwagwa lami. Kuchimbua baadaye ni ghali mno. Liwe la zambarau, lisiungane popote na la maji ya kunywa. Koki zake ziwe za kufunguliwa kwa ufunguo. Kibao cha "usinywe" hakimzuii mtoto aliyetoka kucheza mpira saa nane mchana.