Je, wajua kwa nini Barcelona ilishindwa kumsajili Messi hata baada ya yeye kukubali kukatwa nusu ya mshahara?

Mwanzoni mwa Agosti 2021 mambo yote yalionekana yamekwisha. Lionel Messi na Barcelona walikuwa wameelewana, na taarifa za wakati ule zilisema ni mkataba wa miaka mitano kwa nusu ya mshahara wake wa zamani. Jioni ya tarehe 5 klabu ikatangaza kwamba anaondoka. Siku tatu baadaye alisimama mbele ya waandishi wa habari pale Camp Nou, machozi yakamshinda. Tarehe 10 akasaini Paris Saint-Germain.

Hadi leo vijiweni watu wanagombana: kuna wanaosema Messi alitaka fedha zaidi, na kuna wanaosema rais wa klabu, Joan Laporta, alimtosa. Ukweli ni kwamba pande zote mbili zilitaka abaki. Kilichomtoa ni kanuni ya ligi ya Hispania inayoweka ukomo wa gharama za kikosi, na namna Barcelona ilivyokuwa imeandika mikataba ya wachezaji wake kwa miaka kadhaa kabla ya siku ile.

Kwenye ligi ya mpira wa Kimarekani, NFL, timu zote 32 zina ukomo mmoja. Msimu wa 2025 ulikuwa dola milioni 279.2 kwa kila timu, tajiri na maskini sawasawa. Hispania ni tofauti, kwa sababu kila klabu ina namba yake. La Liga huchukua mapato ambayo klabu inatarajia kuingiza msimu huo: haki za televisheni, viingilio, udhamini, mauzo ya jezi. Hutoa gharama zisizohusu kikosi, yaani wafanyakazi wa ofisini, uendeshaji wa uwanja, safari na kadhalika. Kisha hutoa marejesho ya madeni. Kinachobaki ndicho klabu inachoruhusiwa kutumia kwa wachezaji na benchi la ufundi, pamoja na timu ya vijana na akademi.

Klabu ikizidisha, hakuna anayeikataza kusaini mchezaji. Inaweza kupiga naye picha ameshika jezi na kumtambulisha kwa mashabiki. Ila ligi haimpi leseni ya kucheza. Atafanya mazoezi wiki nzima, na siku ya mechi atakaa jukwaani.

Wapo wanaosema kanuni hii ni uonevu kwa vilabu vikubwa. Mimi nadhani anayesema hivyo amesahau Hispania ilikuwaje kabla yake. Agosti 2011 raundi ya kwanza ya ligi haikuchezwa kwa sababu chama cha wachezaji, AFE, kiligoma. Zaidi ya wachezaji 200 walikuwa wanadai mishahara ya jumla ya takriban euro milioni 50. Udhibiti wa matumizi ulianza 2013, lakini vilabu vya madaraja ya chini viliendelea kuumia. Januari 30, 2014, kwenye uwanja wa El Sardinero mjini Santander, Racing ilikuwa mwenyeji wa Real Sociedad katika mechi ya marudiano ya robo fainali ya Kombe la Mfalme. Wachezaji wa Racing hawakuwa wamelipwa kwa miezi, na walikuwa wameshatangaza kwamba bodi isipoachia ngazi hawatacheza. Kipenga kilipopulizwa, wachezaji wote 11 walikusanyika kwenye duara la katikati, wakashikana mabega, wakasimama kimya. Wenzao wa akiba na makocha wakafanya vivyo hivyo pembeni mwa uwanja. Baada ya kama dakika moja mwamuzi akavunja mechi, huku uwanja mzima ukiwapigia makofi.

Sisi wa Afrika Mashariki habari ya mchezaji kutolipwa tunaijua vizuri. Vilabu vyetu, vikubwa kwa vidogo, vimewahi kufungiwa na FIFA kusajili mpaka vilipe wachezaji na makocha waliovishtaki. Adhabu hiyo huja baada ya mtu kudhulumiwa, na mara nyingi baada ya kusubiri muda mrefu. La Liga huangalia hesabu kabla mchezaji hajaingia uwanjani: fedha za kumlipa zipo au hazipo? Kwa mchezaji wa kawaida mwenye familia ya kulisha, hiyo ni tofauti kubwa sana.

Sasa turudi kwenye mikataba, maana hapo ndipo penye utaalamu. Gharama ya mchezaji ni zaidi ya mshahara. Inahesabiwa pia ada ya uhamisho, lakini haihesabiwi yote mwaka wa kwanza. Hugawanywa kwa miaka ya mkataba. Antoine Griezmann alinunuliwa 2019 kwa euro milioni 120 na kupewa mkataba wa miaka mitano. Kwenye vitabu hiyo ni milioni 24 kila mwaka, mshahara mbali. Ungempa miaka mitatu tu, ingekuwa milioni 40 kwa mwaka. Mtu yuleyule na bei ileile, ila mzigo wa kila msimu umebadilika kwa sababu ya tarehe iliyoandikwa mwishoni mwa mkataba.

Kwa hiyo meneja mjanja wa mikataba hucheza na miaka kuliko anavyocheza na kiasi. Akibanwa mwaka huu, anasukuma malipo mbele. Ni sawa na mpangaji anayemwomba mwenye nyumba amgawie kodi ya miezi iliyopita kwenye miezi ijayo: leo anapumua, ila kila mwezi unaofuata unakuja na kodi yake pamoja na kipande cha ile ya zamani.

Barcelona ilifanya hivyo kwa kiwango cha kutisha. Msimu wa 2019/20 ukomo wake ulikuwa euro milioni 671, mkubwa kuliko klabu yoyote Hispania, na klabu ilitumia kana kwamba mapato yatapanda milele. Corona ikaja, viwanja vikafungwa, watalii wakatoweka. Oktoba 20, 2020, Gerard Piqué, Marc-André ter Stegen, Clément Lenglet na Frenkie de Jong walitangazwa kuongeza mikataba kwa mpigo. Mashabiki walishangilia. Ndani ya mikataba ile kulikuwa na makubaliano ya kupokea kidogo wakati huo na kingi miaka ya mbele. Wiki moja baadaye rais Josep Maria Bartomeu na bodi yake walijiuzulu, na mzigo ukamwangukia atakayefuata.

Aliyefuata ni Laporta. Mkataba wa Messi uliisha Juni 30, 2021, na kuanzia hapo, machoni pa ligi, alikuwa mchezaji wa kusajiliwa upya. Laporta alieleza kwamba pamoja na Messi, gharama za kikosi zingefika asilimia 110 ya mapato yote ya klabu. Bila Messi zilikuwa asilimia 95. Soma tena namba hiyo ya pili: hata Messi akiondoka, klabu ilikuwa imeshavuka mstari, maana mapato hayohayo yalipaswa pia kulipia ofisi, uwanja na madeni. Ndiyo maana swali la "kwa nini asingecheza kwa hela kidogo zaidi?" halikuwa na msaada. Tatizo lilikuwa mikataba ya wale waliobaki.

Halafu kulikuwa na kanuni ya robo. Klabu iliyovuka ukomo haikuruhusiwa kutumia yote iliyookoa. Kwa kila euro nne ilizopunguza, ilipata ruhusa ya kutumia moja. Ukitaka nafasi ya mshahara wa milioni 20, ilibidi uondoe gharama za milioni 80. Utaziondoa vipi ndani ya mwezi mmoja, wakati wachezaji wako wana mikataba minono ambayo hakuna klabu nyingine iko tayari kuibeba? Kulikuwa na mlango mmoja: wiki ileile ligi ilitangaza mpango wa kuchukua fedha kutoka kampuni ya uwekezaji ya CVC, nazo vilabu vingelipa kwa sehemu ya mapato yao kwa miaka 50. Barcelona ilikataa. Laporta alisema hawezi kuiweka klabu rehani kwa nusu karne kwa ajili ya mtu mmoja, awe nani. Hapo nadhani alikuwa sahihi, ingawa najua mashabiki wengi wa Barça hawatanisamehe.

Yaliyofuata yanaonyesha ilivyokuwa kazi kupata hata nafasi ndogo. Memphis Depay na Eric García walikuja bila ada ya uhamisho, lakini siku chache kabla ya mechi ya kwanza walikuwa bado hawana leseni. Piqué akakubali kukatwa sehemu kubwa ya mshahara, na wawili hao wakasajiliwa. Kesho yake, Agosti 15, Barcelona ikacheza na Real Sociedad. Dakika ya 19 Depay akapiga mpira wa adhabu, Piqué akaruka akaufunga kwa kichwa. Bila saini ya Piqué, aliyepiga krosi ile angekuwa jukwaani. Septemba ligi ikatoa namba mpya: Real Madrid euro milioni 739, Sevilla 200, Barcelona chini kidogo ya 98.

Januari 2022 zamu ikawa ya Samuel Umtiti. Beki huyu alikuwa na goti bovu, alikuwa hachezi, na mkataba wake ulikuwa unaisha 2023. Ghafla akaongezewa mpaka 2026. Waliosoma kichwa cha habari tu walidhani klabu imerukwa na akili. Kumbe alikubali kupunguza alichopaswa kulipwa katika mwaka mmoja na nusu uliobaki, na kiasi hicho kikatandazwa kwenye ile miaka iliyoongezwa. Nafasi iliyopatikana ndiyo iliyomsajili Ferran Torres, ambaye alikuwa ameshanunuliwa kutoka Manchester City na kutambulishwa, lakini hana leseni. Umtiti aliachwa mwaka 2023, miaka mitatu kabla ya mkataba ule kwisha.

Machi 2022 ukomo wa Barcelona ulitangazwa kuwa hasi milioni 144. Namba hasi haina maana kwamba klabu ilikuwa hailipi mtu. Maana yake ni kwamba hasara ilikuwa imekula nafasi yote na kupita chini. Njia iliyochaguliwa kujikwamua ni kuuza mali. Majira ya joto ya 2022 iliuza asilimia 25 ya haki zake za televisheni za ligi kwa miaka 25 kwa kampuni ya Sixth Street, na sehemu za kampuni yake ya utengenezaji wa vipindi. Ukomo ukaruka hadi milioni 656, wakaja Robert Lewandowski, Raphinha na Jules Koundé. Mwaka mmoja baadaye ulikuwa umeshuka hadi 270, kwa kuwa mali ikishauzwa haiuzwi tena, na sehemu ya televisheni iliyouzwa haiingizi chochote mpaka miaka ile 25 iishe.

Kanuni ina huruma kidogo kwa majeruhi: mchezaji akiumia kwa muda mrefu, klabu inaweza kutumia hadi asilimia 80 ya gharama yake kusajili mwingine. Agosti 2024 Dani Olmo alipata leseni kwa njia hiyo baada ya Andreas Christensen kuumia, lakini leseni hiyo ilikuwa na kikomo cha Desemba 31. Ilipoisha, ligi na shirikisho walikataa kuirefusha, na ilibidi Baraza la Juu la Michezo la Hispania liingilie Januari 8, 2025 kwa amri ya muda ili Olmo aendelee kucheza.

Kisa cha ter Stegen kilikuwa kigumu zaidi. Kiangazi cha 2025 alifanyiwa upasuaji wa mgongo, akatangaza mwenyewe kwamba atarudi baada ya miezi mitatu hivi. Kwa kanuni za ligi, jeraha la miezi minne au zaidi ndilo lingefungua nafasi ambayo klabu iliihitaji kumsajili kipa mpya, Joan García. Ripoti ya daktari haiendi ligi bila ridhaa ya mgonjwa, na ter Stegen akakataa kusaini. Klabu ikamvua unahodha. Siku iliyofuata akasaini, akarudishiwa kitambaa, na García akasajiliwa.

Hilo la mwisho linanisumbua. Kanuni iliyotungwa kumlinda mchezaji asidhulumiwe mshahara ilifika mahali ikamfanya mchezaji ashinikizwe juu ya karatasi za mwili wake mwenyewe. Kosa silioni kwenye ukomo. Naliona kwenye klabu inayoanza kila msimu ikiwa imeshakula nafasi ya msimu huo, ikabaki inatafuta mtu wa kumkata, wa kumsogeza mbele au wa kumtangaza mgonjwa.

Kwa hiyo safari ijayo ukisikia klabu ya Hispania imemwongezea mkataba mrefu mchezaji mkongwe au majeruhi, acha kwanza kuuliza kocha anamtaka kwa lipi. Angalia kuna nani amesainiwa na bado hajapewa leseni.