Blanketi Ndani ya Karai: Kutoka IDH hadi Mbagathi

Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya Nairobi ikiwa kwenye mifupa, mama mmoja alipoingia chumbani mwangu na mwanawe wa miaka ishirini na kitu. Kijana alikuwa amekonda hadi kola ya shati inacheza shingoni. Mama alibeba karai la plastiki lenye blanketi la manjano, kikombe, taulo na kandambili. Nilipomuuliza vitu ni vya nini alinishangaa. "Daktari, si mmesema ni TB? Babangu alilazwa miezi mingi pale IDH. Huyu nimemletea vyake mapema."

Nilimwambia mwanawe hatalazwa, atatumia dawa akiwa nyumbani. Uso ulimbadilika, alidhani tunamfukuza. Nimekutana na hofu hiyo mara nyingi, na sioni kosa lake. Kwa wazee wa mji huu, kifua kikuu na geti la hospitali ni kitu kimoja.

IDH aliyoitaja, yaani Infectious Diseases Hospital, ndiyo Hospitali ya Mbagathi ya leo, jirani na Kibra, mwendo mfupi kutoka Kenyatta. Ilijengwa miaka ya 1950 kuwa hospitali ya magonjwa ya kuambukiza: kifua kikuu, surua, homa ya uti wa mgongo, ukoma. Kwa miaka mingi ilikuwa chini ya hospitali kuu, ile iliyoanza mwaka 1901 na vitanda 40 kwa ajili ya Waafrika, ikapewa jina la King George VI mwaka 1952, na baada ya uhuru ikawa Kenyatta. Hospitali kuu ilitibu. IDH ilitibu pia, lakini kwanza ilitenga.

Kutenga kulikuwa na sababu. Mwenye TB ya mapafu akikohoa, akiimba au hata akizungumza, hutoa chembe ndogo mno zenye vijidudu. Katika chumba kilichofungwa, chembe hizo huelea kwa saa kadhaa, na anayezivuta ndani anaweza kuambukizwa. Hewa inayopita huzisambaza zikaisha nguvu, na jua huua vijidudu. Ndiyo maana wodi za kifua za zamani, popote duniani, zilipendelea dari za juu, veranda pana na madirisha yanayotazamana. Kabla ya dawa, mgonjwa alipewa hewa, chakula na kitanda, akaambiwa asubiri. Wengine walijazwa hewa kifuani makusudi ili pafu bovu lisinyae na "kupumzika". Robert Koch alikuwa ametangaza kijidudu chenyewe tarehe 24 Machi 1882, lakini kumjua adui bila silaha hakukuwasaidia sana waliokuwa wakikohoa.

Silaha zilikuja kwa mfululizo. Streptomycin iligunduliwa mwaka 1943, na isoniazid ikaanza kutumika kwa TB mwaka 1952. Ukitazama miaka hiyo utaona jambo la ajabu kidogo: kuta za IDH zilikuwa zinapanda wakati dawa zitakazozipunguzia kazi tayari zimepatikana. Na kuanzia mwaka 1956, huko Madras nchini India, watafiti waliwagawa wagonjwa makundi mawili. Kundi moja lililazwa sanatoria, yaani hospitali za wagonjwa wa kifua, kwa chakula bora na mapumziko. La pili lilitibiwa nyumbani, katika vyumba vilivyobanana, kwa dawa zilezile. Matokeo yalikaribiana. Tena familia za waliotibiwa nyumbani hazikuambukizwa zaidi ya zile nyingine, kwa kuwa maambukizi mengi hutokea kabla mgonjwa hajaanza dawa. Nilipomweleza hayo ndipo mama yule alipoanza kunisikiliza. Kama kijana alimwambukiza mtu, huenda ilikuwa ile miezi aliyokuwa akinunua dawa ya kikohozi dukani.

Kilichobaki kuwa kigumu ni muda. Tiba ya kawaida katika eneo letu ilikuwa ya miezi 18: mwanzoni sindano za streptomycin pamoja na vidonge vya isoniazid na thiacetazone, halafu vidonge tu. Ilikuwa nafuu, na ilifanya kazi kwa aliyeimaliza. Lakini mtu hupata nafuu mwezi wa pili, anaongeza uzito, anarudi kibaruani, na kidonge kinasahaulika kabatini. Jaribu wewe kumeza dawa mwaka mzima na nusu ukiwa huumwi popote.

Jibu la tatizo hilo lilipatikana hapa kwetu, na huwa nasikitika kwamba ni Wakenya wachache wanaolijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa Afrika Mashariki wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza walijaribu tiba ya miezi sita kwa wagonjwa wetu. Streptomycin na isoniazid peke yake kwa miezi sita hazikutosha: zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya watano alirudiwa na ugonjwa. Ilipoongezwa dawa nyingine, rifampicin, waliorudiwa walikuwa kama watatu tu kati ya mia. Pyrazinamide, dawa nyingine tena, nayo ilipunguza sana idadi hiyo. Tiba ya miezi sita anayopewa leo mgonjwa wa TB ya kawaida, awe Kayole au London, inatokana kwa sehemu kubwa na makohozi ya watu wa Afrika Mashariki. Rifampicin ilikuwa ghali wakati huo, kwa hiyo ilichukua miaka kabla haijamfikia kila mtu.

Kisha VVU vikaingia. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini alitambuliwa mwaka 1984, na baada ya hapo wodi za kifua zilifurika upya. Nairobi ikatoa somo jingine, safari hii chungu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba thiacetazone, kile kidonge cha bei nafuu, ilikuwa ikiwaunguza ngozi karibu mgonjwa mmoja kati ya watano wenye VVU. Kwa wasio na virusi, alikuwa kama mmoja kati ya mia. Baadhi ngozi ilibambuka hadi wakafa. Dawa hiyo ikaondolewa, na ethambutol ikachukua nafasi yake. Mwaka 1993 Kenya ilianza mpango wa mgonjwa kumeza dawa akiangaliwa, na kufikia 1997 ulikuwa umeenea nchi nzima. Matibabu yakasogea kwenye zahanati za mitaani. Mwaka 1995 IDH ilijitenga na Kenyatta, ikawa hospitali ya wilaya ya Nairobi. Leo wanawake hujifungulia pale. Hata hivyo Korona ilipoingia Machi 2020, serikali ilipotafuta mahali pa kutenga wagonjwa, ilirudi Mbagathi.

Kuta huondoka polepole kuliko dawa zinavyokuja. Mwaka 2010 wanaume wawili wa Kapsabet walipelekwa jela kwa kuacha dawa za TB, kwa amri ya kuzuiliwa miezi minane. Tarehe 24 Machi 2016, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kumfunga mgonjwa gerezani kwa sababu hiyo ni kinyume cha katiba. Kwa daktari wa kifua, hukumu ile ilikuwa ya kitabibu kama ilivyokuwa ya kisheria: seli iliyojaa watu na isiyo na madirisha ndicho chumba ambacho TB ingejichagulia yenyewe.

Shida yetu sasa ni wale ambao hawajafika kabisa. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 na 2016 uligundua kwamba karibu asilimia 40 ya wagonjwa hawakuwa wakitambuliwa, na wanaume waliugua zaidi ya maradufu ya wanawake. Wengi hawakuwa hata na kile kikohozi cha wiki mbili tulichozoea kukitangaza. Kwa hiyo usihesabu wiki. Ukikohoa, ukilowa jasho usiku, ukipungua uzito au homa ikikujia jioni jioni, nenda kituo cha afya cha serikali. Dawa za TB ni bure.

Utapewa kikopo chenye kifuniko. Sukutua mdomo kwa maji, simama nje penye hewa, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha kohoa kutoka chini kabisa. Tunataka makohozi mazito, si mate. Mate yanatupotezea muda sote. Mashine ya maabara iitwayo GeneXpert huyasoma makohozi kwa takriban saa mbili, na huonyesha kama kijidudu bado kinauawa na rifampicin au kimekuwa sugu. Jambo moja zaidi, kwa sababu hurudisha watu mbio kliniki: rifampicin hugeuza mkojo kuwa rangi ya machungwa. Si damu. Ni dawa inapita.

Mama aliuliza kama amtengee kijana sahani na kijiko. Nikamwambia hapana, TB haipiti kwenye vyombo. Akauliza kuhusu chumba, kwa kuwa wanalala wanne. Kijana alale peke yake kwa wiki chache za mwanzo ikiwezekana, nikamwambia, wengine waje wapimwe, na dirisha lisifungwe.

"Na baridi hii?"

"Ndiyo kazi ya hilo blanketi."