Pangaboi halipozi chumba, kwa hiyo usiliwashe kabla hujafika

"Fundi, nataka simu yangu ikikaribia nyumbani, pangaboi liwake nusu saa kabla, nikute chumba kimepoa." Wiki hii nimelisikia tena ombi hili. Wananiomba wenye maghorofa, wananiomba waliopanga vyumba viwili, na sasa wananiomba hata mafundi wenzangu, ambao ndio walipaswa kuwaeleza wateja mapema. Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani, inaweza kulifanya hilo bila shida yoyote. Tatizo ni kwamba ukifika utakuta chumba kina joto lilelile, pengine limezidi kidogo, na uniti za LUKU zimekwenda.

Pangaboi la inchi 56 lenye mota ya kawaida hula wati 70 hivi. Katika chumba kilichofungwa, umeme huo wote unaishia kuwa joto humohumo ndani. Kinachopozwa na feni ni mwili. Ngozi ya binadamu ina joto la nyuzi 33 hadi 35, na juu yake limetanda tabaka jembamba la hewa yenye joto na unyevu wa jasho. Upepo unaliondoa tabaka hilo, jasho linakauka, na katika kukauka linachukua joto la mwili. Chumba kikiwa hakina mtu, feni inazungusha hewa tu. Ndiyo maana kihisi cha ukutani kinasoma 30 kabla ya kuwasha na kinasoma 30 saa moja baadaye, halafu mtu ananipigia akidai mfumo umeharibika. Mfumo ni mzima. Kihisi hakitoi jasho.

Kuna hali moja ambapo feni hupoza chumba kweli, nayo ni usiku, nje kukiwa na baridi kuliko ndani, feni ikaelekezwa dirishani ivute hewa ya nje au isukume ya ndani. Nyumba ya tofali na bati iliyopigwa jua mchana kutwa hufaidika sana na mpango huo. Lakini hapo unahitaji vihisi viwili, cha ndani na cha nje, na feni iwake pale tofauti yao inapokuwa ya maana, tuseme nyuzi mbili. Pangaboi katikati ya chumba kilichofungwa madirisha haliwezi kazi hiyo.

Kwa hiyo sharti la kwanza la pangaboi ni mtu kuwamo chumbani, joto linafuata. Kihisi cha PIR, kinachonasa mwendo wa mwili wenye joto, kinafaa korido na choo. Chumbani kinampoteza aliyelala, na sebuleni kinampoteza anayetazama mpira bila kutikisika. Rada ya mawimbi ya milimita, kihisi kinachotumia mawimbi ya redio, inamwona aliyelala kwa sababu inanasa hata kifua kinavyopanda na kushuka, ila inaona pia mapanga yanayozunguka na pazia linalopepea. Basi feni inawaka, rada inaiona feni, inatoa taarifa kwamba mtu yupo, na feni inakesha ikimpepea mtu ambaye hayupo. Ifunge rada ukutani chini ya usawa wa mapanga, ielekee kitandani, punguza umbali wake, kisha ujaribu chumba kikiwa kitupu na feni ikiwa katika kila spidi. Jaribio hili wengi hawalifanyi.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote: kuchanganya spidi na modi. Tangu 2021 Home Assistant imevitenganisha. Spidi ni asilimia, kutoka 0 hadi 100, na inaitwa percentage. Modi ni tabia iliyoandikwa ndani ya feni yenyewe na mtengenezaji wake, na inaitwa preset_mode: usingizi, upepo wa asili, otomatiki, kila feni na zake. Modi ya usingizi kwa kawaida hushusha spidi polepole kadiri usiku unavyokwenda. Upepo wa asili hupandisha na kushusha spidi bila mpangilio, kama upepo wa baharini. Hizi ni programu ndogo ndani ya feni, na wewe kwa nje huna habari zitafanya nini dakika ijayo.

Malalamiko ninayoletewa ni haya: "Naweka modi ya usingizi saa nne usiku, ikifika saa nane inajitoa yenyewe, feni inavuma mpaka mtoto anaamka." Haijitoi yenyewe, imetolewa. Fungua otomesheni zako, yaani kanuni ulizoandika ziendeshe vifaa zenyewe, utakuta moja inasema joto likivuka kiwango fulani, weka asilimia 66. Kwa feni za aina hii, ukishatuma asilimia, modi inafutwa. Ndivyo mfumo ulivyokusudiwa, na ni sawa kabisa, kwa kuwa feni haiwezi kufuata amri ya spidi moja na wakati huohuo kufuata modi inayobadilisha spidi. Wakubwa wawili hawaiongozi feni moja. Otomesheni yoyote inayoandika spidi lazima kwanza iulize kama kuna modi iliyowashwa, na kama ipo, iache.

Kuna mtego mwingine wa aina hiyohiyo, na huu ni mgumu zaidi kuugundua. Mtu anaandika kanuni kwamba spidi ikibadilika, mfumo uchukulie kuwa kuna mkono wa mtu umegusa, kwa hiyo otomesheni zikae kimya. Wazo ni zuri sana, mimi mwenyewe nalitumia. Lakini feni ikiwa kwenye upepo wa asili, baadhi ya modeli hutangaza kila spidi mpya. Mfumo unaona mkono wa mtu usiku kucha, na otomesheni haziamki tena. Tofautisha kwa kuangalia modi, usiangalie asilimia peke yake.

Viwango vya joto nitavipitia haraka. Weka viwili vyenye nafasi katikati, kwa mfano kuwasha 27.5 na kuzima 26.5, la sivyo feni itawaka na kuzima kila dakika. Kumbuka pia kwamba kichochezi cha namba, yaani kile kinachoamsha otomesheni kwa kipimo kama joto, hufanya kazi pale tu kiwango kinapovukwa. Joto likivuka 27.5 saa saba mchana hakuna mtu nyumbani, sharti la mtu linaizuia feni. Ukiingia saa kumi na moja jioni joto liko 30, hakuna kinachovukwa, na feni haiwaki. Kuingia kwa mtu kuwe kichochezi, joto liwe sharti.

Na namba hizo zenyewe? Hapa vitabu vinajiamini kupita kiasi. Dar es Salaam wakati wa kaskazi, mwezi wa pili, nyuzi 27 ndani ni nafuu kubwa. Wakati wa kusi, mwezi wa saba, mtu aliyelala kwenye nyuzi hizohizo anaweza kuomba shuka, kwa kuwa hewa ni kavu kidogo na mwili umeshazoea. Mimi naweka viwango viwili vya misimu, na namwacha mwenye nyumba avisogeze.

Upande wa joto kali, hata mashirika ya afya hayakubaliani. Shirika la Afya Duniani linashauri feni itumike joto likiwa chini ya nyuzi 40. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inaweka mpaka kwenye nyuzi 32 hivi. Kwetu pwani, nyumba ya bati mchana wa Februari inakaa katikati ya namba hizo mbili. Kijana anayetoka jasho vizuri na anakunywa maji bado anafaidika na upepo. Mzee ambaye mwili wake hautoi jasho la kutosha anaweza kuwa anapulizwa joto tu. Kwa hiyo chumba cha mzee sikiachii otomesheni iamue. Feni anaishika mwenyewe, na mimi naweka taarifa iende kwenye simu ya mtoto wake joto likifika 33, ili mtu aje aangalie, alete maji na kitambaa kibichi, au amhamishe chumba.

Upande wa vifaa: usifunge dima ya taa (kipunguza mwanga) kwenye mota ya pangaboi la kawaida. Itaunguruma na kupata moto. Tafuta kidhibiti cha kapasita chenye spidi tatu. Feni za mota ya BLDC, mota isiyo na brashi inayoendeshwa na saketi yake ya ndani, zinakula wati 30 hivi kwa spidi ya juu na chache mno kwa spidi ya chini, lakini zinataka umeme usiokatwa muda wote, kwa hiyo swichi janja ya kuzikata ukutani haina kazi. Na kama feni inaendeshwa kwa rimoti ya redio isiyorudisha taarifa, usijenge kanuni nyeti juu yake. Mtu akibonyeza rimoti, mfumo wako haujui.

Anayetaka kukuta chumba kimepoa, kifaa chake ni AC, kwa sababu AC inatoa joto nje ya nyumba. Iwake dakika 20 kabla hujafika, pangaboi lisubiri mlango ufunguliwe. Ukishaingia, pandisha AC hadi 27 na pangaboi lizunguke taratibu. Mwili utahisi kama chumba kina nyuzi mbili pungufu, na kompresa itapumzika. Feni ya ndani ya AC iweke kwenye otomatiki, usiilazimishe iendelee kupuliza kompresa ikisimama. Maji yaliyojikusanya kwenye koili kama umande yatarudi hewani, na kwa unyevu wa pwani utaanza kutoka jasho upya.