Dayosisi ya Diocletian haikuwa na askofu

Mtu akisoma kwamba Diocletian aliigawa Dola ya Roma katika dayosisi, mara moja anamwona askofu na fimbo yake. Kosa hili limezidi sasa. Kaisari huyo ndiye aliyeanzisha mateso makali ya Wakristo mwaka 303. Maaskofu angewagawia maeneo ya nini?

Dayosisi ilikuwa kundi la mikoa, basi. Orodha ya mwaka 314 hivi inazitaja 12, na mikoa yenyewe ilikaribia 100 baada ya ile ya zamani kukatwakatwa. Msimamizi wake kwa kawaida aliitwa vikario, yaani makamu: alisimama badala ya prefekti wa praitorio, afisa mkuu wa kaisari, akifuatilia kodi na kusikiliza rufaa.

Jina lenyewe ni la Kigiriki, dioikesis, usimamizi. Katika Misri ya akina Ptolemaio, dioiketes alikuwa mkuu wa fedha za mfalme. Kanisa lililikuta neno likiwa kazini tayari. Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381 ulipowakataza maaskofu kuingilia dayosisi zisizo zao, ulitaja Asia, Ponto na Thrakia, mipaka ileile ya serikali. Askofu wa kawaida alikuwa na mji mmoja na viunga vyake. (Na wanaotafsiri mkoa wa Kirumi kuwa “jimbo” wanazidi kuwachanganya Wakatoliki wetu, ambao jimbo kwao ndiyo dayosisi.)

Wapo wanaolijua hili lote, kisha wanamkabidhi vikario jeshi. Hakuwa nalo. Askari walikuwa na wakubwa wao. Miaka ya 360, watu wa Lepcis Magna, katika Libya ya leo, walivamiwa na Waaustoriani, kabila la jangwani, wakamwita Romanus, kamanda wa jeshi la Afrika. Akadai chakula tele na ngamia 4,000 kwanza. Hawakuweza, akakaa siku 40, akaondoka. Gavana wa mkoa, Ruricius, alipewa kwa muda mambo ya vita pia, yakarudishwa kwa Romanus, na mwishowe aliyeuawa kwa amri ya kaisari ni Ruricius.

Kwa hiyo “dayosisi ya Afrika” ya karne ya nne itafute kwa vikario, Carthage. Hata huyo hakumwamuru prokonsuli, gavana wa mkoa wa Afrika aliyekaa mji huohuo, maana prokonsuli aliwajibika kwa kaisari moja kwa moja.